Nafuu ya Ushuru na Moshi wa Jikoni: Tafakuri Kuhusu Chebunyo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kauli hiyo inafaa kabisa kuanzishia mjadala kuhusu nafuu za ushuru zinazotolewa na serikali ya Kenya kwa jina la kuokoa nishati. Wanaozitunga nafuu hizo wako Nairobi, katika majengo yenye lifti na taa za umeme. Wanaopaswa kunufaika, au angalau wanaotajwa kila mara katika hotuba za bajeti, ni watu kama wakazi wa Chebunyo, wadi iliyo katika eneo bunge la Chepalungu, kaunti ya Bomet.

Msomaji asiyelijua eneo hilo huenda akadhani kwamba Bomet yote ni chai. Sivyo. Anayetoka kwenye mashamba ya majani chai ya Kericho na nyanda za juu za Bomet, akateremka kuelekea kusini-magharibi, huyaona majani chai yakipungua, na nafasi yake ikichukuliwa na mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Chebunyo iko huku chini, kwenye ukavu zaidi. Ni kituo cha biashara kama vituo vingi vya mashambani: maduka ya mabati na mawe, vyumba vya kupangisha, hoteli za chai na chapati, shule, na boma za wakulima kila upande. Mapishi, kwa sehemu kubwa, ni ya kuni.

Katika hali hii Chebunyo haiko peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya kaya zote nchini Kenya zilitegemea kuni kwa kupikia, huku asilimia 23.9 zikitumia gesi. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Ni dhahiri, basi, kwamba nyumba inayopoteza nishati ni suala la mapafu ya mama na mtoto kabla ya kuwa suala la hesabu za wachumi.

Makala haya yanashikilia hoja moja. Mfumo wa ushuru wa Kenya hutoa nafuu nyingi kwa nyumba na majengo, lakini nafuu hizo aidha hazina sharti lolote la kuokoa nishati, au zina sharti hilo lakini humfikia mwenye hati na akaunti kabla ya kumfikia mwenye moshi. Aidha, makala yanadai kwamba lugha ina sehemu yake katika kasoro hii, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu ambao hawajautekeleza.

Kodi ni ipi na ushuru ni upi?

Kabla ya kuendelea, istilahi zifafanuliwe. Katika Kiswahili cha Tanzania, neno "kodi" hurejelea malipo yanayotozwa na serikali: kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani. "Ushuru" nako ni tozo maalumu, mathani ushuru wa forodha au ushuru wa soko. Nchini Kenya matumizi ni tofauti. Mkenya wa kawaida husema "ushuru" kwa maana ya malipo yote ya serikali. "Kodi" kwake ni pesa ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtu akisimama katika baraza la chifu huko Chebunyo na kutangaza kwamba serikali itatoa "nafuu ya kodi ya nyumba," wasikilizaji wataelewa kwamba wapangaji watapunguziwa malipo ya vyumba. Mwenye nyumba ataondoka akiwa na hasira, naye mpangaji ataondoka na matumaini yasiyo na msingi. Ndiyo maana makala haya yanatumia "ushuru" kwa malipo ya serikali na "kodi" kwa malipo ya pango.

Isitoshe, maneno haya mawili yanapokutana huibua tatizo halisi ambalo wachumi wamelijua kwa muda mrefu. Katika chumba cha kupangisha, anayepaswa kugharimia marekebisho ni mwenye nyumba. Anayefaidika nayo ni mpangaji. Mwenye nyumba akiweka dari ili joto la mabati lisimchome mpangaji mchana, au dohani ili moshi utoke, yeye mwenyewe habaki na akiba yoyote mfukoni. Anayepunguza matumizi ya makaa ni mwalimu au karani aliyepanga. Mpangaji naye hawezi kugharimia dari ya nyumba ambayo huenda akaihama mwaka ujao. Hivyo kila mmoja humtazama mwenzake na nyumba hubaki ilivyo. Hapa ndipo ushuru ungeweza kuingilia kati na kumsukuma mwenye nyumba achukue hatua. Je, nchini Kenya unafanya hivyo?

Nafuu zisizo na sharti

Tuchunguzwe kwanza ushuru wa mapato ya pango la nyumba za kuishi. Kuanzia mwaka 2016, mwenye nyumba mdogo alitozwa asilimia 10 ya kodi yote anayoipokea. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, kwa wenye nyumba wanaopata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Ikumbukwe kwamba ushuru huu hutozwa kwenye kodi nzima iliyokusanywa. Gharama hazitolewi. Aliyekarabati na asiyekarabati hulipa sawasawa.

Chukua mfano wa kubuni. Mwenye nyumba ana vyumba 10, na kila chumba hulipiwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anapata shilingi 360,000. Kwa kiwango cha zamani angelipa ushuru wa shilingi 36,000. Kwa kiwango kipya analipa shilingi 27,000. Ameachiwa shilingi 9,000 kila mwaka. Serikali haikumwomba dirisha moja pana zaidi wala bati moja la kupitisha mwanga. Na iwapo mwaka huo huo atatumia shilingi 60,000 kuweka dari na majiko ya kuokoa kuni katika vyumba vyake, ushuru wake utabaki shilingi 27,000 zile zile. Kwa maneno mengine, sheria inamwambia kwamba hatua hiyo haina maana yoyote machoni pa taifa.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayejenga kwa mkopo wa benki. Mnamo Desemba 2024, kiwango cha riba ya mkopo wa nyumba kinachoruhusiwa kuondolewa katika mapato kabla ya kutozwa ushuru kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Ni nafuu kubwa. Hata hivyo, nyumba yenye madirisha yaliyopangwa vizuri na ile inayohitaji taa mchana kutwa zote huipata bila kubaguliwa. Zaidi ya hayo, mkulima wa Chebunyo anayejenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kwa pesa za maziwa, hana mkopo wa aina hiyo, na kwa hivyo hana cha kuondolewa.

Majengo ya biashara nayo hupata punguzo la uchakavu. Tangu marekebisho ya sheria za ushuru ya Aprili 2020, jengo la biashara limetengewa asilimia 10 kwa mwaka, ilhali majengo na mitambo ya viwanda imetengewa asilimia 50 katika mwaka wa kwanza wa matumizi. Kiwanda cha chai kinachonunua tanuri jipya la mvuke, kwa hivyo, hupata nafuu ya haraka. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa kunyausha na kukausha majani ya chai hula kuni nyingi mno. Lakini nafuu hiyo hutolewa kwa kuwa mtambo ni mtambo. Mtambo unaookoa kuni na unaozimeza hutendewa kwa usawa.

Ipo nafuu moja iliyowekewa sharti la mazingira waziwazi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliondoa ushuru kwenye riba ya hati fungani za kijani zinazotimiza viwango vilivyowekwa. Mwaka huo huo kampuni ya Acorn ilitoa hati fungani ya kijani iliyochangisha shilingi bilioni 4.3, ikajenga hosteli za wanafunzi jijini Nairobi zilizobuniwa kutumia maji na umeme kwa uangalifu. Wanafunzi wanaolala katika hosteli hizo wanaishi ndani ya mfano hai wa nafuu ya ushuru iliyofanya kazi. Mgala muue na haki umpe: mpango huo ulionyesha kwamba sharti likiandikwa vizuri, mjenzi hulitimiza. Swali ni nani aliyenufaika na msamaha wenyewe. Ni mwekezaji mwenye fedha za kununua hati fungani. Kati yake na bweni la shule ya mashambani, ambako sufuria kubwa ya ugali huchemka juu ya magogo, kuna umbali ambao sheria haijaupima.

Nafuu zinazokwenda na kurudi

Aina ya pili ya nafuu hupitia ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT. Hii ina uwezo mkubwa zaidi wa kufika Chebunyo, kwa sababu kila anayenunua kitu dukani huulipa, awe na ritani ya KRA au asiwe nayo. Kasoro yake ni kwamba haitulii.

Gesi ya kupikia iliondolewa VAT mwaka 2016. Julai 2021 ikatozwa asilimia 16. Julai 2022 kiwango kikashushwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ushuru huo ukaondolewa tena. Vifaa vya sola navyo vilipita njia hiyo hiyo: Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviingiza katika orodha ya vinavyotozwa, mwaka 2014 vikasamehewa, mwaka 2020 msamaha ukaondolewa, na mwaka 2021 ukarudishwa. Familia inayoweka akiba kwa miezi minane ili inunue mtungi wa gesi au paneli ya sola haiwezi kupanga maisha yake kwa sheria inayogeuka kila Julai. Hali kadhalika mwenye duka haagizi shehena kubwa ya bidhaa ambayo huenda ikapanda bei kabla haijauzwa.

Kasoro nyingine imejificha ndani ya istilahi. Kuna bidhaa "zilizosamehewa" VAT na kuna bidhaa zinazotozwa "kwa kiwango cha sifuri." Kwa mnunuzi, mawili haya huonekana kuwa jambo moja. Kwa mtengenezaji, ni mbingu na ardhi. Anayeuza bidhaa ya kiwango cha sifuri hurudishiwa ushuru alioulipa aliponunua malighafi. Anayeuza bidhaa iliyosamehewa harudishiwi chochote. Huubeba mzigo huo mwenyewe au humtwika mnunuzi ndani ya bei.

Sasa mfikirie fundi wa majiko katika soko la mashambani. Yeye ni mdogo, hajasajiliwa kwa VAT. Anaponunua bati la shilingi 10,000, hulipa shilingi 1,600 zaidi, na pesa hizo hazirudi. Jiko lililotengenezwa ng'ambo, kwa upande mwingine, liliweza kuingia nchini kwa ushuru hafifu wa forodha: mwaka 2016 ushuru wa kuingiza majiko yanayookoa nishati ulishushwa kutoka asilimia 25 hadi 10. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba sheria imemfikiria zaidi mwagizaji kuliko fundi. Hili ni jambo la kusikitisha katika nchi iliyozaa jiko la kauri la makaa, ambalo tangu miaka ya 1980 limeigwa na mataifa mengi ya Afrika, na katika nchi ambamo vikundi vya wanawake vimefinyanga na kujenga majiko ya udongo ya kuni kwa miongo kadhaa.

Na kwa asiyeweza kununua gesi wala sola? Huyo alikutana na ushuru kwa sura nyingine. Mwaka 2018 serikali ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Wachanganyaji walistahili kuzuiwa. Lakini koroboi ya mtoto anayesoma usiku haikuchanganya chochote, nayo ilitozwa pia.

Mila na mabati

Kabla ya kupendekeza lolote, ni haki kukumbuka kwamba moshi haukuwa adui tangu mwanzo. Katika nyumba ya jadi ya Wakipsigis, moto wa katikati ulitia joto usiku wa baridi, ulikausha mahindi na kuni zilizowekwa darini, na uliwafukuza wadudu katika nyasi za paa. Mkaa wa miti maalumu bado husugua kibuyu cha mursik hadi leo, na hakuna sheria ya ushuru inayopaswa kuugusa. Paa la nyasi lilipumua na lilizuia joto na baridi.

Paa lilibadilika, moto haukubadilika. Mabati yaliletwa kwa sababu nzuri: hayavuji, hayashiki moto, ni alama ya maendeleo. Hata hivyo, mabati bila dari hukaanga mchana na hugandisha usiku, nayo hayapitishi moshi kama nyasi. Wakazi waliingia katika nyumba mpya wakiwa na mafiga ya zamani. Hakuna aliyekosa hapo. Ni gharama ya mpito ambayo haikuwahi kugawanywa. Nafuu ya ushuru, ikitumiwa vizuri, ni njia mojawapo ya taifa kuchukua sehemu yake ya gharama hiyo.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba serikali yenye madeni haiwezi kuendelea kuachilia mapato. Hoja hiyo ina uzito. Italia ilianzisha mwaka 2020 mpango wa kumrudishia mwenye nyumba asilimia 110 ya gharama ya kuifanya nyumba yake iokoe nishati. Watu walikimbilia mpango huo, bei za ujenzi zikapanda, udanganyifu ukaingia, na hazina ya taifa ikabeba mzigo uliozidi yuro bilioni 100. Somo ni bayana: anayelipiwa zaidi ya gharama yake haoni sababu ya kuuliza bei.

Marekani nayo inafundisha somo la pili. Sheria ya mwaka 2022 ilimpa mwenye nyumba punguzo la ushuru la asilimia 30 ya gharama za maboresho ya nishati, hadi dola 3,200 kwa mwaka. Sheria nyingine, iliyotiwa saini Julai 2025, ilikatisha punguzo hilo mwishoni mwa mwaka huo. Aliyekuwa na mapato makubwa na mhasibu aliwahi. Aliyekuwa akijikusanya polepole alikuta mlango umefungwa. Aidha, punguzo la aina hiyo halimsaidii asiyedaiwa ushuru wa mapato, kwa kuwa hapana pa kulipunguzia. Chebunyo wengi wako katika kundi hilo.

Watakaosema kwamba amri ingetosha, nao wakumbuke Kanuni za mwaka 2012 kuhusu maji moto ya sola. Zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwekewe mtambo wa sola, nazo zikatoa muda wa miaka 5. Wenye majengo walilalamikia gharama, na utekelezaji ukasuasua. Fimbo bila kishawishi haikumtoa ng'ombe zizini.

Kinyume chake, mwaka 2010 kampuni ya umeme nchini iligawa bure balbu zaidi ya milioni 1 zinazotumia umeme kidogo, kila balbu ikibadilishwa na ya zamani. Mwananchi hakujaza fomu ya ushuru. Alipeleka balbu ya zamani, akarudi na mpya. Mpango huo haukumfikia asiye na umeme, lakini ulithibitisha kwamba nafuu inaweza kuletwa hadi mlangoni.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, mwenye nyumba anayelipa asilimia 7.5 ya kodi aruhusiwe kupunguza ushuru wenyewe kwa sehemu ya gharama ya marekebisho yanayookoa nishati. Kuondoa gharama katika mapato pekee hakutoshi: kwa mfano uliotolewa hapo juu, shilingi 60,000 zikiondolewa katika mapato, mwenye nyumba ataokoa shilingi 4,500 tu. Lakini akiruhusiwa kukata thuluthi moja ya gharama katika ushuru wake, kwa miaka 3, ataokoa shilingi 20,000. Theluthi mbili zitabaki juu yake, hivyo hatakosa sababu ya kuulizia bei, na kosa la Italia litaepukwa. Sharti liwe moja na lieleweke: kodi ya vyumba hivyo isipandishwe katika miaka hiyo 3. Kwa njia hiyo ushuru na kodi vitasaidiana badala ya kupingana.

Pili, majiko ya kuokoa kuni yatozwe VAT kwa kiwango cha sifuri, na utaratibu mwepesi uwekwe wa kuwarudishia mafundi wadogo, kupitia vyama vyao vya ushirika, ushuru wanaoulipa kwenye bati na saruji. Nafuu hiyo itajwe kuwa ya miaka 10. Inayogeuka kila mwaka haimfai mwenye kuweka akiba.

Tatu, serikali ya kaunti isisubiri Nairobi. Kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaipa kaunti mamlaka ya kutoza ushuru wa ardhi na majengo pamoja na ada za huduma zake. Kaunti ya Bomet ina uwezo wa kupunguza ada ya leseni ya hoteli ndogo iliyoacha mafiga ikaweka jiko lenye dohani, au ada ya kuidhinisha ramani ya jengo la biashara lenye dari na mwanga wa kutosha. Mkaguzi wa afya tayari huzitembelea hoteli hizo. Kutazama jiko hakutamchelewesha.

Nne, wasiolipa ushuru wa mapato, na shule za umma pia, wasidanganywe kwa lugha ya nafuu ya ushuru. Hao wanahitaji ruzuku ya moja kwa moja. Sehemu ya tozo ya mafuta ya taa ingeweza kutengwa kwa kazi hiyo, irudi katika nyumba ilikotoka. Serikali imejiwekea lengo la kuwafikishia Wakenya wote nishati safi ya kupikia kufikia mwaka 2028. Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwa misamaha inayoishia bandarini Mombasa.

Wajibu wa wanakiswahili

Huenda msomaji akauliza haya yote yanahusianaje na chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Yanahusiana sana. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Pamoja na hayo, Mswada wa Fedha hutungwa na kujadiliwa kwa Kiingereza, na nafuu zilizomo huandikwa kwa lugha ambayo hata mwenye shahada huisoma mara mbili. Mwaka 2024, vijana walipoupinga Mswada wa Fedha uliokuja kuondolewa mwezi Juni, wengine wao waliufafanua mitandaoni kwa Kiswahili na kwa lugha za jamii zao. Walifanya kwa simu, kwa siku chache, kazi ambayo idara za lugha zingeweza kuifanya kila mwaka.

Tanzania imetangulia katika hili. Hotuba ya bajeti husomwa bungeni kwa Kiswahili, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi, unafahamika kwa jina lake la Kiswahili hata kwa mama lishe. Kenya bado inabishana iwapo ni "kawi" au "nishati," iwapo ni "msamaha," "afueni" au "nafuu." Tofauti kati ya "kusamehewa" na "kiwango cha sifuri," iliyoelezwa hapo awali, ni ya pesa taslimu kwa fundi wa majiko, lakini fundi huyo hana kamusi ya kumweleza.

Tasnifu nyingi huandikwa kuhusu ushairi, riwaya na isimu, na ni sawa ziandikwe. Hata hivyo, hapana aibu iwapo mwanafunzi mmoja katika kila chuo ataandaa faharasa ya istilahi za ushuru na nishati, akaijaribu katika soko la kwao na kuona iwapo inaeleweka. Chama kinaweza kuchapisha muhtasari wa Sheria ya Fedha kila Julai, kurasa mbili tu, kwa Kiswahili kinachosomeka barazani.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nafuu za ushuru kwa nyumba na majengo nchini Kenya zipo, na si haba. Nyingi hazidai nyumba iokoe nishati. Zinazodai hivyo hubadilika mara kwa mara, humpendelea mwagizaji kuliko fundi, na humfikia mwekezaji kabla ya mpishi. Marekebisho yaliyopendekezwa hayahitaji wizara mpya. Yanahitaji vifungu vichache vya sheria, kaunti iliyo tayari kutumia mamlaka yake, na maelezo yanayofahamika.

Mama anayeinama juu ya mafiga huko Chebunyo hajui kwamba mwaka 2024 mwenye nyumba anayompangisha alipunguziwa ushuru. Hakuna aliyemwambia, na hakuna kilichobadilika jikoni. Bajeti ijayo ikisomwa, swali la kuulizwa na kila mwanakiswahili ni hili: nafuu hii inaingia kwa mlango upi, na inaelezwa kwa lugha ya nani?